Funga kitabu kwanza: shajara ya wiki kumi za kujifunza upya kusoma na kuandika

Wiki ya 1, Jumapili usiku

Nipo mwaka wa kwanza, nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, chuo kipo hapahapa Mwanza na mi naishi kwa bibi Igoma. Jumatano tulirudishiwa asainimenti ya Historia. Nilikesha siku mbili kuiandika, kurasa saba, nikapata 4 kati ya 15. Chini kabisa mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: umeandika mengi, hujajibu swali.

Siku mbili sikuongea na mtu kuhusu hilo. Leo ndo nimekaa nikalisoma swali upya taratibu. Lilianza na "to what extent", yani tuseme ni kwa kiasi gani kilimo cha lazima cha pamba kilileta Vita vya Majimaji, vile vya kuwapinga Wajerumani. Mi nilichofanya nimeorodhesha sababu za vita: kodi, kazi za shuruti, ukatili wa maakida (watawala wadogo wa Wajerumani), pamba, kudharauliwa, kila sababu na aya yake, juu utangulizi chini hitimisho, vilevile nilivyokuwa nafanya fom foo. Pamba imepata aya moja kati ya tano. Mtu kaniuliza ni kwa kiasi gani, mi nimemjibu ni nini na nini.

Kwaiyo nimejipa wiki kumi. Nimenunua kaunta buku ya kwaya mbili, kila siku naandika humo nilichosoma na nilichoandika, alaf Jumapili nachukua ya maana naileta huku. Kuna watu wengi wako kwenye hali kama yangu na hawasemi. Huku naandika kama ninavyoongea, kwenye pepa nitaandika ki-pepa.

Wiki ya 1, Jumanne

Kabla ya kurekebisha kitu ni lazima ukipime. Nimechukua makala ya gazeti la Kiswahili nikahesabu maneno 500, nikaweka saa ya simu, nimemaliza kwa dakika 4. Alaf nimechukua desa (notsi za kozi) la Historia, la Kiingereza, ukurasa wenye kama maneno 400, nimemaliza dakika 6 na sekunde kadhaa. Yani kwa Kiswahili maneno 125 kwa dakika, kwa Kiingereza hayafiki 70.

Ila kuna kitu nimekigundua nikiwa napiga hayo mahesabu, kulinganisha hivyo siyo haki kabisa. "Hatukuwaona" ni neno moja, kwa Kiingereza ni "we did not see them", maneno matano. Maana yake pengo ni kubwa kuliko namba zinavyosema. Kwaiyo kuanzia leo nitalinganisha Kiingereza changu cha leo na Kiingereza changu cha mwezi ujao, basi.

Kilichoniumiza siyo hata spidi. Nilipomaliza ule ukurasa nikaugeuza chini nikajiuliza umesema nini, nikapata sentensi moja. Moja. Na nilikuwa nimepiga hailaita ya njano karibu nusu ukurasa.

Wiki ya 2

Nimejichunguza ninavyosoma. Kwanza midomo inacheza, natamka kila neno. Pili nikikuta neno sijui nasimama, nafungua kamusi kwenye simu, nikirudi nimesahau sentensi ilikuwa inaenda wapi, naanza tena aya. Tatu, na hii ndo kubwa, nikimaliza aya naikopi kwenye daftari kama ilivyo nikibadilisha neno hapa na pale, nikijua kwamba nimesoma. Miaka sita hadi nane tumefundishwa hivyo, mwalimu anajaza ubao wewe unahamisha, ubao unafutwa anajaza tena, na mwenye daftari lililojaa ndo mwenye notsi. Sijui kama ni kosa la mtu mmoja, darasani tulikuwa wengi na kitabu kilikuwa kimoja, ubao ndo ulikuwa kitabu chetu. Lakini mkono unaweza kuhamisha maneno huku kichwa kimelala, mi ni shahidi.

Basi sheria yangu ya kwanza: soma ukurasa mmoja, FUNGA KITABU, andika ulichobaki nacho kwa Kiswahili. Alaf fungua, angalia ulichokosa, ongeza kwa kalamu ya rangi nyingine. Maneno magumu nayapigia mstari wa penseli napita, mpaka mwisho wa ukurasa ndo narudi.

Siku ya kwanza nilitoka na mistari miwili. Siku ya pili mitatu. Inauma sana kichwani, yani dakika ishirini unahisi umelima, na unashawishika kuchungulia. Siku ya nne nilipiga mstari maneno 19 kwenye ukurasa, nilivyorudi mwishoni 11 yalikuwa yameshaeleweka yenyewe kutokana na yaliyoyazunguka, nikatafuta 8 tu kwenye kamusi. Kabla ya hapo ningesimama mara 19.

Wiki ya 3

Wiki hii nataka nimwongelee bibi.

Bibi yangu ana miaka sabini na kitu, kazaliwa Kwimba, kalima pamba karibu maisha yake yote. Darasani hakwenda utotoni. Kasoma ngumbaru. Miaka ile ya mwisho ya 60 na mwanzo wa 70 huku kanda ya ziwa kulikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, watu wazima walikuwa wanajifunza kusoma na kuandika kwa vitabu vilivyokuwa vinahusu kazi zao wenyewe, na huku kazi ilikuwa pamba. Na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi anasema yeye hakwenda kwa ajili ya tangazo, alikwenda kwa sababu ya mizani. Alikuwa akipeleka pamba chamani, yani chama cha ushirika, anapewa karatasi, hajui karatasi imesema kilo ngapi, anaamini anachoambiwa. Akataka asome mwenyewe ile mizani na ile karatasi. Mpaka leo akisoma anaweka kidole chini ya neno na anasoma kwa sauti, polepole, hapiti neno asiloelewa, atakuuliza.

Jumatatu jioni nilikuwa nje nimekaa na desa langu, bibi akauliza unasoma nini ng'wanawane (mwanangu), nikamwambia habari za vita vya zamani huko kusini, watu walikataa kulima pamba ya Wajerumani. Akaniambia nisomee. Nikamwambia bibi ni Kiingereza. Akasema basi niambie kwa Kiswahili, si umesoma.

Nikaanza. Ndani ya dakika mbili nimekwama. Nikasema wananchi walikuwa wananyonywa. Akauliza walinyonywaje? Nikasema walilazimishwa kulima pamba. Akauliza shamba la nani? Nikanyamaza. Akauliza walikuwa wanailima miezi gani, mvua zikianza au zikiisha? Kwa sababu pamba ina wakati wake, na mahindi yana wakati wake, ukiwa kwenye shamba la mtu mvua zinanyesha la kwako linamea majani. Mi nilikuwa nimesoma hizo kurasa mara tatu na sikuwahi kujiuliza hayo.

Nikarudi kwenye desa usiku huohuo. Majibu yote yalikuwemo. Mashamba yalikuwa ya mtaa, chini ya akida na jumbe wa kijiji, mtu analazimika kwenda siku alizopangiwa, ujira ni kitu kidogo hata wengine hawakuupokea, na kazi ilikuwa inagongana na muda wa kulima chakula. Bibi hajawahi kusikia jina la gavana Götzen maishani mwake na kaenda moja kwa moja kwenye moyo wa jambo, kwa sababu pamba anaijua kwa mikono.

Kuanzia hapo kila Jumatatu na Alhamisi jioni namsimulia bibi nilichosoma. Sheria ya pili hiyo. Akiuliza swali nikashindwa, nalipiga duara kwenye kaunta buku, ndo kazi yangu ya kesho.

Wiki ya 4

Hii fupi. Nimepitia insha zangu za Kiswahili za zamani nikahesabu makosa ya tahajia, maana na mimi ndo nategemea kuja kufundisha hilo somo. Kisukuma hakina r, tumekua tunasema balua, na tukishakosolewa sana shule tunaanza kuweka r hata pasipo na r. Nimekuta nimeandika "karamu nyekundu" badala ya kalamu, na "wananchi walipiga kula". Alaf h, naiacha panapotakiwa naiweka pasipotakiwa, ili na hili nachanganya kila ukurasa. Alaf maneno ya kuunganisha, kwa sababu, kwa hiyo, nayaandika neno moja.

Sijaona haya kuyaandika hapa. Lafudhi yangu ni ya kwetu na sina mpango wa kuitupa, ila msomaji wa Mtwara akikuta karamu ataelewa karamu, ya pilau. Nimeandika orodha ya jozi 24 kwenye kurasa ya nyuma ya kaunta: kalamu karamu, mahali mahari, kula kura, ajali hajali na kuendelea, nikimaliza kuandika chochote napitisha jicho la mwisho nikitafuta hizo tu, sitafuti kitu kingine.

Wiki ya 5

Tesiti za masomo mengine, siku nne sijagusa kaunta. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) pia lilichelewa nikawa natembea kwa miguu baadhi ya siku, nikifika nyumbani nimechoka. Alhamisi bibi kauliza mbona leo huniambii kitu, ikabidi nisome kurasa mbili ili nisimnyime. Ndo zilizosomwa wiki nzima.

Wiki ya 6

Nimerudi kwa nguvu. Mwalimu wa Historia katangaza asainimenti ya pili, swali la aina ileile, kupima uzito wa sababu moja, na aliyependa anaweza kurudia Majimaji. Nimeamua kurudia.

Swali lililopigwa duara kubwa kuliko yote kwenye kaunta ni lile la bibi la wiki ya tatu: na hao Wangoni nao walikuwa wanalima pamba? Nilikuwa nimemwambia vita vilianza kule Umatumbi, Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, watu waking'oa pamba shambani, na kwamba Kinjikitile, mganga aliyekuwa anagawa maji ya dawa ya vita pale Ngarambe, alinyongwa mapema Agosti, vita ndo kwanza vinaanza, lakini vikaenea mpaka Songea kwa Wangoni. Bibi akauliza hilo swali kama kitu cha kawaida tu.

Nimetumia siku tatu. Jibu ni hapana, mpango ule wa pamba haukufika Ungoni, huko kwao Songea. Wangoni walikuwa na lao, walikuwa watawala wenye jeshi, Wajerumani walipofika Songea mwaka 1897 wakawanyang'anya madaraka, wameingia vitani 1905 wakitaka kurudisha walichopoteza, na 1906 viongozi wao wakanyongwa. Kwaiyo maji yaliwaunganisha watu ambao kilichowauma ni tofauti. Hapo ndo "kwa kiasi gani" ikafunguka kichwani kama mlango! Pamba iliwasha moto Umatumbi na maeneo ya jirani, hapo uzito wake ni mkubwa sana, ila huwezi kwenda nayo mpaka Ungoni. Hilo ni jibu. Linaweza kubishaniwa, linaweza kuthibitishwa, lina mwanzo na mpaka. Zile pointi tano zangu hazikuwa jibu, zilikuwa orodha ya sokoni.

Na kitu kingine kimenigusa. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu vita hivi kutoka upande wa watu wetu ilikusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee na kuandika walichoambiwa. Wanafunzi. Watu wa umri wangu, na daftari kama langu. Wangekuwa wanahamisha tu maneno ya ubaoni tusingekuwa na hizo simulizi.

Wiki ya 7

Nimeandika drafti ya kwanza. Nimefunga kila kitu, desa, daftari, simu nimempa bibi, nikaandika kwa Kiswahili kwanza, kurasa mbili, sentensi ya kwanza kabisa ni jibu langu. Siku iliyofuata ndo nikaiandika kwa Kiingereza, bila kutafsiri mstari kwa mstari, nasoma aya ya Kiswahili, nafunika, naisema kwa Kiingereza ninachokiweza. Sentensi zimekuwa fupi, za kawaida. Zamani nilikuwa natafuta maneno makubwa ili nionekane nimesoma, sasa hivi nikiandika neno ambalo siwezi kulieleza kwa bibi nalifuta.

Hii njia inakula muda, sitaki kumdanganya mtu. Insha moja imenichukua siku tano. Kwenye pepa la masaa matatu (najua, saa tatu, nimeshasahihishwa na BAKITA wa darasani kwetu) hakuna kuandika mara mbili. Ila nadhani mazoezi haya yanajenga kitu ambacho kwenye pepa kitafanya kazi kwa haraka. Nadhani. UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ndo itasema.

Wiki ya 8

Kuandika upya. Hapa nilikuwa mgumu kweli, nikishaandika kitu nakiona kimekwisha, kukirudia nahisi kama adhabu ya shule ya msingi, andika mara mia.

Kilichonibadilisha ni habari ya Nyerere na Shakespeare. Mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tu tangu uhuru, Rais anatoa tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar. Hilo wengi tunalijua. Nisichokijua ni kwamba 1969 aliitoa tena, ameirekebisha, hata jina kalibadili ikawa Juliasi Kaizari. Mtu ana nchi ya kuongoza, kazi imeshachapwa, imeshasifiwa, na bado akakaa chini kuipitia upya. Mi nina asainimenti ya kurasa nne.

Nimeipitia mara tatu. Mara ya kwanza naangalia kama kila aya inarudi kwenye swali, nimefuta aya nzima ya kodi, niliipenda ile aya lakini ilikuwa imekaa pale bila kazi. Mara ya pili nimeisoma kwa sauti, ulimi ukijikwaa sentensi ina tatizo. Mara ya tatu tahajia na zile s za Kiingereza ambazo kwa nafsi ya tatu huwa zinanipotea.

Wiki ya 9

Kwenye vimbweta (vile viti na meza za nje chuoni) tumeanzisha kakikundi, tupo wanne. Kila mtu anampa mwenzake insha, msomaji haruhusiwi kusema nzuri au mbaya, anaandika sentensi moja tu: mwandishi anasema kwamba… na anamalizia. Kama sentensi yake hailingani na ulichotaka kusema, tatizo lipo kwenye karatasi. Mmoja alinibishia palepale, eti ukimuuliza vizuri atakueleza. Nikamwambia mwalimu akiwa anasahihisha wewe haupo pembeni yake.

Ya kwangu ilitoka karibu sawa. Kasoro hitimisho, mwenzangu alisema nimerudia utangulizi kwa maneno mengine, na ni kweli. Nimelikata limebaki mistari mitatu.

Wiki ya 10, Jumapili usiku

Matokeo yametoka Ijumaa. Nimepata 10 kati ya 15. Mwalimu kaandika pembeni ya aya ya Wangoni: hapa umefikiri. Nimeiangalia hiyo kalamu nyekundu muda mrefu. Zimepotea alama kwenye nyakati za vitenzi vya Kiingereza, nachanganya zilizopita na zilizopo ndani ya aya moja, na mfano mmoja nimeutaja bila kuueleza. Ya haki yote.

Nimerudia kipimo. Ukurasa mwingine wa desa hilohilo, maneno kama 400, dakika 4 kasoro kidogo, yani kama 100 kwa dakika kutoka chini ya 70. Nikaugeuza, nikaandika sentensi saba bila kuchungulia, nilivyofungua tano zilikuwa sahihi, moja nilikuwa nimeongeza la kwangu, moja nilikuwa nimeelewa kinyume. Wengine watasema hiyo spidi bado ndogo. Mi naichukua.

Midomo bado inacheza, nimeshindwa kuizuia na nimeacha kupigana nayo. Bibi naye anasoma kwa sauti na anaelewa kila kitu.

Nilimpelekea karatasi aione. Akaweka kidole kwenye 10, akakisogeza mpaka kwenye 15, akauliza hizo tano wamezipeleka wapi, nikamweleza moja moja, akatikisa kichwa. Alaf akasema kama umejua kuandika habari za pamba ya watu wa kusini basi na yangu uiandike, nife imeandikwa.

Kwaiyo kaunta imebaki na kurasa kama arobaini na ndo kazi yake hiyo. Jana jioni alinisimulia siku ya kwanza aliyosoma mizani mwenyewe pale chamani, nikasikiliza bila kuandika, nikafunga, nikaingia ndani nikaandika ukurasa mzima. Leo nimemsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba alifurahi sana. Akanisimamisha, akasema sikufurahi, nilikasirika, nilikuwa nafikiria ile miaka yote ya nyuma ambayo sikuisoma.

Nimeukata ule mstari. Kesho jioni anaanza kusimulia upya kutoka mwanzo.